"Seva Imekufa"? Soma Kwanza Ilivyokujibu

Simu iliingia saa moja na nusu asubuhi, wiki ya kujaza ripoti za wanafunzi. Ilikuwa ya mwalimu wa taaluma wa shule moja ya sekondari ninayoihudumia mara kwa mara. Nikamwamkia. Hakuitikia vizuri, alikuwa na haraka. "Fundi, njoo. Seva imekufa." Nikamuuliza kwenye kioo kumeandikwa nini. "Kizungu tu. Ni mtandao unasumbua."

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi kuliko salamu. "Mtandao unasumbua" inabeba kila kitu: bando limeisha, panya kala kebo, nywila imekosewa, mtu kachomoa waya wa ruta achaji simu. Na siku hizi baadhi ya ofisi ndogo na shule zinatumia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, kwenye kompyuta za mezani, kwa hiyo lawama imepata pa kutua: "Ni hiyo Linux yenu." Mara nyingi Linux ndiyo pekee iliyokuwa inasema kweli pale, ila hakuna aliyesoma ilichoandika.

Tuanze na maneno yenyewe. Seva ya mafaili si lazima iwe kabati kubwa lenye taa zinazowaka. Ni kompyuta yoyote iliyokubali kuwagawia wengine folda zake kupitia mtandao. Pale shuleni ni mashine ya zamani iliyo chini ya meza ya stoo, imefunikwa kipande cha kanga isiingie vumbi (nimeshaomba kitolewe mara tatu, mashine inapumulia humo). Laptopu ya mwalimu ndiyo mteja: inakwenda kuomba, seva inatoa.

Ili zielewane, lazima ziwe na utaratibu mmoja wa mazungumzo. Huo ndio huitwa itifaki. Utakazokutana nazo ni tatu. SMB ni lugha ya kompyuta za Windows, na Linux huizungumza kwa kutumia programu iitwayo Samba. NFS ilitoka kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984 na imezoeleka zaidi kati ya mashine za ukoo wa Unix, mfumo wa zamani ambao Linux inafuata nyayo zake. Ya tatu ni SFTP, inayopita ndani ya SSH, njia ileile mafundi wanayoitumia kuingia kwenye seva za mbali.

Sasa tazama anwani anayoandika mwalimu kwenye programu yake ya mafaili: smb://192.168.1.20/taaluma. Mwanzoni ni lugha, katikati ni nyumba, mwishoni ni chumba. Anayetoka Windows huwa ameshazoea kuandika mistari miwili iliyolalia nyuma, hivi: \\192.168.1.20\taaluma. Kwenye programu ya mafaili ya Linux hiyo haifiki popote. Mistari inalalia mbele, na jina la lugha linatangulia. Nimewahi kupanda daladala mbili kwenda kusahihisha hilo tu.

Yanayofuata baada ya kubonyeza kitufe cha kuunganisha ni kama kwenda kwa mtu kupiga hodi. Kwanza ujue nyumba iko wapi. Kisha ufike. Kisha ubishe mlango sahihi, kwa sababu kompyuta ina milango mingi yenye namba: SMB husikiliza mlango wa 445, SSH na SFTP wa 22, NFS wa 2049. Ukiitikiwa utaulizwa wewe ni nani. Ukijulikana, bado haina maana kwamba vyumba vyote ni vyako. Kila hatua ina namna yake ya kukwama, na kila mkwamo una maneno yake kwenye kioo. Ukiyasoma, unajua umeishia wapi.

Ukiona "Name or service not known", hukufika hata mtaani. Umetaja jina, labda seva.local, na kompyuta yako haikupata wa kuiambia jina hilo ni la nani. Seva inaweza kuwa inapumua vizuri kabisa. Jaribu kwa namba badala ya jina. Ikikubali, ugonjwa uko kwenye kutafsiri majina, na kila mtu anaweza kuendelea na kazi wakati fundi anautafuta.

Hapahapa kuna imani moja niiondoe. Watu hufungua sehemu ya "Network" kwenye programu ya mafaili, wakikuta patupu wanasema seva haipo. Ule ukurasa ni orodha ya waliojitangaza. Namna ya zamani ya kujitangaza iliondoka pamoja na SMB ya kwanza, nitaifikia, na ya sasa hushindwa kwa sababu ndogondogo. Jirani asiyekuwa kibarazani si kwamba amehama. Andika anwani mwenyewe, ubishe.

"Connection timed out" ni hodi isiyojibiwa. Kwa desturi yetu mtu hupiga hodi tatu, akiona kimya anaondoka. Linux ina subira zaidi: hurudia kubisha, ikiongeza muda wa kusubiri, na inaweza kupita dakika nzima kabla haijakata tamaa. Ndiyo maana kosa hili huchelewa. Kuchelewa kwenyewe ni dalili: hakuna aliyesema hapana, hakuna aliyesema lolote.

Kwetu huku sababu yake kubwa naitaja bila kutazama kompyuta. Mtu amewasha hotspoti ya simu yake kwa sababu bando la ofisi limeisha, laptopu ikahamia huko, halafu anashangaa seva ya ofisi haiitikii. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba, kila ruta ina zake. Laptopu iliyo kwenye hotspoti (simu nyingi za Android za zamani kidogo hugawa anwani za 192.168.43) ikimtafuta 192.168.1.20, ombi lake linatokea kwenye simu, linakwenda kwa mtandao wa simu, linapotelea huko. Andika ip addr kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uone uko mtaa gani. Namba tatu za kwanza zinazotenganishwa na nukta, kama 192.168.1, zikiwa tofauti na za seva, kwenye ofisi ndogo yenye ruta moja, uko mtaa mwingine.

Kwa hiyo bando halihusiki kabisa. Seva iliyo stoo na laptopu iliyo chumba cha walimu, zote kwenye ruta moja, hazihitaji hata megabaiti moja ya intaneti. Bando likiisha saa nne asubuhi, mafaili yaendelee kufunguka. Anayehama kwenda hotspoti "ili mtandao urudi" ndiye anayejitoa nyumbani. Mtego wa aina hiyohiyo uko kwenye Wi-Fi ya wageni: ruta nyingi huwatenganisha waliomo ndani yake wasionane, jambo jema kwa hoteli na baya kwa mwalimu aliyejiunga humo kwa bahati mbaya.

"No route to host" huja upesi zaidi, sekunde chache tu. Mara nyingi ina maana mtaa ni huo ila nyumba yenye namba hiyo haikuonekana: mashine imezimwa, kebo imechomoka, au anwani imebadilika. Nasema mara nyingi kwa sababu ujumbe huu hudanganya pia. Kwenye Fedora, toleo mojawapo la Linux, na ndugu zake, mlinzi wa mtandao anayeitwa firewalld akikuzuia anaweza kukujibu kwa namna ambayo Linux yako inaitafsiri kuwa njia haipo. Njia ipo, mlinzi ndiye hataki.

Sasa nirudi kwa mwalimu wa taaluma. Nilipomsihi anisomee herufi kwa herufi, alisoma: "Connection refused." Nikamuuliza, imechukua muda gani? "Papo hapo."

Watu wengi huogopa neno hilo, refused, wakidhani wamefukuzwa. Mimi hulipenda. Maana yake kuna mtu ndani. Hodi imesikika na jibu limetoka: hapa hakuna huduma hiyo. Mashine iko hai, kebo ni nzima, njia iko wazi. Kwa kawaida kilichobaki ni kwamba programu ya Samba imezima kwenye seva. Kwenye matoleo ya Linux ya Ubuntu na Debian utaitazama kwa systemctl status smbd. Kwenye Fedora jina la huduma ni smb, bila d.

Nilikwenda. Seva ilikuwa inawaka, feni inavuma chini ya kanga, na Samba ilikuwa inafanya kazi bila kasoro. Nikakaa kwenye laptopu ya mwalimu, nikabisha mlango kwa amri moja, nc -zv 192.168.1.20 445. Refused. Nikarudi stoo, nikaiuliza seva anwani yake. Ikasema 192.168.1.23.

Basi nani alikuwa anajibu kwenye 20? Niliandika ip neigh, amri inayoonyesha majirani ambao kompyuta imeongea nao karibuni pamoja na namba ya kadi ya mtandao ya kila mmoja. Ya 20 haikuwa ya seva. Tulizunguka chumba cha walimu tukilinganisha namba, na ikapatikana: simu ya mwalimu wa zamu, iko kwenye chaji juu ya kabati. Usiku umeme ulikatika. Uliporudi, ruta iliamka na kugawa anwani upya kwa kila aliyewahi kuomba. Simu iliwahi, seva ya zamani inayojikongoja kuwaka ikachelewa. Asubuhi nzima walimu walikuwa wanapiga hodi kwenye simu wakiomba ripoti za kidato cha nne, na simu inawajibu kwa adabu kwamba hapa hatuna.

Dawa yake ni ya mara moja. Unaingia kwenye ukurasa wa ruta, unaweka akiba ya anwani: kadi yenye namba hii ipewe 192.168.1.20 siku zote, asipewe mwingine. Dakika tano. Na hapo ndipo unapoona kwa nini ile tiba maarufu, zima yote uwashe upya, huponya leo na kuleta ugonjwa kesho. Ukiwasha upya unachezesha bahati nasibu ya anwani. Siku ukishinda unasema umetengeneza.

Neno moja kuhusu ping, amri ya kuiita mashine uone kama ipo, kwa kuwa kila kijana anayejua kompyuta huanza nayo. Ping ikijibiwa, vizuri, mashine ipo. Isipojibiwa haijathibitisha kitu, kwa sababu kompyuta inaweza kufundishwa kuinyamazia ingawa mlango wa mafaili uko wazi. Bisha mlango unaoutaka, usipige kelele barabarani.

Tuseme mlango umefunguliwa, umeulizwa jina na nywila, umejibu, dirisha la nywila linarudi tena na tena. Hapa hakuna tena habari ya mtandao, na kuchomoa kebo ni kuionea. Tatizo ni utambulisho, na Samba ina tabia moja inayowachanganya hata wazoefu: ina daftari lake la nywila, tofauti na la Linux yenyewe. Mtu anaweza kuwa na akaunti kwenye seva, akaingia kila siku kwa kibodi, na Samba ikawa haimjui. Mpaka msimamizi amwandikishe kwa sudo smbpasswd -a na jina lake, ataambiwa hapana. Akibadilisha nywila yake ya kuingilia, ya Samba inaweza kubaki ileile ya zamani.

Kama seva ni Windows, kosa la kawaida ni PIN. Zile tarakimu nne au sita unazoandika asubuhi kuwasha kompyuta ni za kompyuta ile tu, hazisafiri kwenye mtandao. Inatakiwa nywila halisi ya akaunti. Na kama akaunti haina nywila kabisa, Windows kwa kawaida haimruhusu mtu kuitumia kutokea nje. Halafu kuna kumbukumbu ya laptopu yenyewe: uliwahi kukubali ikutunzie nywila, seva ikabadilishiwa, nayo inaendelea kupeleka ile ya zamani bila kukuuliza. Fungua programu inayohifadhi nywila kwenye kompyuta yako, ufute ya seva hiyo, uanze upya.

Kingine: umeingia, unaona mafaili, unayasoma, ukitaka kuhifadhi unaambiwa "Permission denied". Ruhusa zina tabaka mbili. Samba ina sheria yake juu ya folda iliyogawiwa, na diski ya Linux ina sheria yake juu ya kila faili. Lazima zote mbili zikubali, iliyo kali ndiyo inayoshinda. Hapo ndipo mtu anapoletewa ushauri wa chmod 777, amri inayomruhusu kila mtu kusoma na kubadilisha, ambao ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea. Siku inayofuata mwanafunzi aliyekaa kwenye kompyuta ya maktaba anaweza kujirekebishia alama. Tengeneza kundi la watumiaji, ukabidhi folda kwa kundi hilo, basi.

Nimeahidi kuzungumzia SMB ya kwanza. Lugha hii ilianzia IBM, mwaka 1983, mikononi mwa Barry Feigenbaum. Andrew Tridgell wa Australia ndiye aliyeanza kazi ya Samba, miaka ya mwanzo ya 1990. Hakuwa na kitabu cha lugha hiyo. Alisikiliza yanayopita kwenye waya kati ya mashine mbili mpaka akaielewa, kama mtoto anavyojifunza kuongea. Jina alilipata kwa kuchakura orodha ya maneno yenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo.

Toleo la kwanza la SMB lilizeeka vibaya. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu la SMB ya kwanza ndani ya Windows, kikafika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikafuta miadi ya wagonjwa. Microsoft walishatoa kiraka cha tundu hilo mwezi Machi, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimekipokea. Tangu hapo kila mtu akaanza kuifungia lugha ile. Samba 4.11 ya Septemba 2019 iliacha kuizungumza yenyewe mpaka uilazimishe, na Ubuntu 20.04 ikaja na Samba hiyo. Waliohamia kutoka Ubuntu ya zamani waliamka na kukuta sanduku lao la kuhifadhia mafaili, lililofanya kazi vizuri jana, leo halifunguki. Wakasema sasisho limeharibu.

Utaujuaje ugonjwa huu? Ukitumia smbclient, amri ya Samba ya kufungua folda za seva, utaona "protocol negotiation failed": wamekutana mlangoni, hawana lugha ya pamoja. Ukiunganisha kwa amri ya mount, inayoibandika folda ya seva kwenye kompyuta yako, hapo ndipo penye uongo mkubwa kuliko wote niliouona kwenye Linux: "mount error(112): Host is down". Yaani mashine imezimika. Host haiko down hata kidogo. Imekaa pale inazungumza lugha ya zamani, mteja hataki kuielewa, na kosa linatangaza msiba. Ukiona maneno hayo kwa mashine ambayo mlango wake wa 445 unaitikia, fikiria toleo la itifaki kabla ya kitu kingine.

Ushauri unaosambazwa ni kuongeza mstari client min protocol = NT1 (NT1 ndiyo SMB ya kwanza) kwenye faili la mipangilio ya Samba, smb.conf. Unafanya kazi. Ila unafanya laptopu yako ikubali lugha yenye matundu kwa kila seva itakayokutana nayo. Tafuta kwanza kama kifaa kina sasisho linaloongeza SMB ya pili au ya tatu, vingi vinalo na hakuna aliyelibonyeza. Kikikosa na huna jinsi, weka vers=1.0 kwenye amri ya mount ya kifaa hicho kimoja, si kwa kompyuta nzima.

Wanaotumia SFTP wao wana kitisho chao, ule ujumbe uliozungushiwa alama nyingi: "REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED!" Mara ya kwanza ulipokwenda, SSH iliikariri sauti ya seva. Leo umepiga hodi, aliyeitikia ana sauti nyingine. Inawezekana seva imewekwa mfumo upya, au kama kwa mwalimu wangu, anwani imechukuliwa na mwingine. Inawezekana pia mtu amekaa katikati anajifanya seva. Muulize msimamizi kwanza, kwa simu. Akithibitisha, ssh-keygen -R na anwani hufuta kumbukumbu ya zamani. Kufuta kabla ya kuuliza ni kumfungulia mlango mtu kwa kuwa amesema ni binamu.

Kuhusu kufika kwenye seva ya ofisi ukiwa nyumbani nisikuchoshe: usifungue mlango wa 445 kuelekea intaneti. Watoa huduma wengi huuziba, na wasipouziba ni hatari zaidi. Tumia SFTP, au VPN, njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, kama WireGuard, ambayo tangu 2020 imo ndani ya Linux yenyewe.

Pale shuleni, baada ya ripoti kuchapishwa, mwalimu wa taaluma aliniita tena. Mashine yao ya fotokopi, nzito kama jokofu, zamani ilikuwa inaskani moja kwa moja kwenda kwenye folda ya seva, ikaacha tangu tulipoisasisha seva. Nilijua jibu kabla sijavua viatu: inazungumza SMB ya kwanza peke yake, na aliyeitengeneza haitolei tena masasisho. Akaniuliza kama naweza kuirudishia seva lugha ile, "kidogo tu, fundi". Nikamwonyesha tundu la flashi lililo ubavuni mwa mashine. Hakufurahi. Flashi sasa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza, isipotee.